Sauti tatu, gitaa moja: namna ya kuimba kama Crosby, Stills na Nash mkiwa Lamu

Watu wengi wakiwasikiza Crosby, Stills na Nash mara ya kwanza wanashikwa na ile sauti ya juu kabisa ya Graham Nash, manake ndiyo inayopaa na ndiyo inayobaki masikioni, halafu wakitaka kuimba vile wanaanza kumtafuta mtu mwenye sauti ya juu, wanampata, wanakaa, wanaimba, na wimbo hausimami. Hausimami kwa sababu aliyekosekana si wa juu, ni wa kati. David Crosby ndo alikuwa wa kati mara nyingi pale, na anachoimba ukikitoa peke yake si kitu ambacho mtu angekiimba akitembea njiani, lakini ni kama tui kwenye wali, hulioni kwenye sahani ila lisipokuwepo kila mtu mezani anajua. Kwa hiyo haya yote nitakayoeleza hapa, kuchagua nani aimbe wapi, gitaa, chumba, maneno, yote yanamzunguka huyo mtu wa kati. Mkiwa watatu na gitaa moja la nyuzi za chuma, mnatosha kabisa.

Kwa ambao hawawajui: Crosby alitoka The Byrds, Stephen Stills alitoka Buffalo Springfield, zote mbili bendi za Los Angeles, na Nash ni Mwingereza, alikulia Salford kule karibu na Manchester, akaimba na The Hollies ambako sauti ya juu alikuwa ashaizoea. Wote watatu walikuwa na jina tayari. Mwaka 1968 wakajikuta kwenye nyumba moja huko Los Angeles, Stills na Crosby wakaimba wimbo mpya wa Stills kwa sauti mbili, Nash ametulia anasikiza. Ulipoisha akawaomba waurudie. Wakaurudia. Akawaomba tena, na mara hiyo ya tatu ndo akaingia juu yao na sauti yake, na bendi ikazaliwa pale pale kabla hata haijapewa jina. Mimi hiki kisa nakipenda si kwa sababu ya umaarufu wao, nakipenda kwa sababu kinaonyesha kazi inavyofanywa: mtu alisikiza wimbo mzima mara mbili na mdomo umefungwa. Vijana wetu wengi wimbo haujafika kiitikio washaingia.

Kusikiza ndo hatua ya kwanza na msiiruke

Tafuteni albamu yao ya kwanza, ya 1969, inaitwa kwa majina yao wenyewe, mchukue ule wimbo wa Helplessly Hoping. Nauchagua huo kwa sababu pale ni gitaa na sauti tatu, hakuna vitu vingi vya kukuchanganya. Vaa hedfoni. Mara ya kwanza mfuate Stills peke yake, yuko chini, sauti yake ina ukwaruzo kidogo, utampata. Ukishampata vizuri urudie mfuate Nash kule juu, huyu ni rahisi. Halafu sasa rudia tena na usifuate yeyote kati ya hao wawili, tafuta kilichobaki. Kitakuponyoka, utajikuta umeteleza umerudi kwa Stills au umepanda kwa Nash bila kujua, hapo simamisha, rudi nyuma, shika maneno mawili matatu tu, uyavumishe kwa mdomo uliofungwa mpaka yakae. Fanyeni hivyo kila mtu kwake, wote watatu, hata ambaye hataimba kati. Hili nalisisitiza sana: kila mmoja ajue sauti zote tatu kabla hamjagawana. Mtu anayejua tu mstari wake huwa anaulinda, anaupigia kelele ili asipotezwe, na mtu anayejua ya wenzake anaimba huku anawasikia.

Kama huo ni mgumu kwenu, kuna bendi nyingine ya njia hiyo hiyo, America, vijana watatu ambao baba zao walikuwa wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa Uingereza, wakaanzia London. Wimbo wao uliovuma 1972, A Horse with No Name, unapigwa kwa kodi mbili tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) toka mwanzo mpaka mwisho, mkono wa kushoto hauna kazi kubwa, kwa hiyo masikio yote yanabaki kwenye sauti.

Nani aimbe wapi

Kila mmoja aimbe do re mi akipanda mpaka pale shingo inapoanza kukaza, halafu ashuke mpaka sauti ianze kugeuka hewa. Hapo mtajua nani wa juu nani wa chini, hilo halina mjadala mrefu. Mjadala uko kwa wengine. Mwenye sauti kubwa kuliko wote, yule ambaye mkiwa kwenye jahazi anasikika mpaka kijiji cha Shela, msimpe juu, atawafunika wote, mpeni chini aimbe kwa ulaini. Wa juu anatakiwa mtu anayeweza kuimba juu huku anaimba kwa ulaini, na hao ni wachache, wengi wakipanda wanapiga kelele. Na wa kati awe mwenye masikio. Mnamjua tayari, ni yule ambaye mkiimba kwenye harusi anageuza uso kabla ya wote manake amesikia wimbo umehama kii, yani umehama noti yake ya nyumbani. Sauti yake hata ikiwa ya kawaida si tatizo.

Kina dada watatu njia ni hii hii, mnapandisha kii kwa kapo basi, kile kibanio cha kufungwa kwenye shingo ya gitaa. Mkiwa mchanganyiko dada mara nyingi atakaa juu, lakini pia nimesikia dada akiimba kati na kaka juu yake kwa sauti nyembamba na ikakaa vizuri mno.

Kitu kingine, wa kati si lazima awe ndo anayeongoza wimbo. Kwa Crosby, Stills na Nash aliyeandika wimbo ndo mara nyingi aliuongoza, ndo maana Teach Your Children anaongoza Nash, ni wimbo wake, na wengine wanamzunguka. Kwa hiyo msigombanie nani kiongozi, kila wimbo una mwenyewe.

Zoezi lenyewe

Shikeni kodi ya C. Wa chini aimbe do, wa kati mi, wa juu so. Shikilieni mpaka itulie. Gitaa likienda F, wa chini abaki pale pale kwenye do, wa kati apande fa, wa juu apande la. Gitaa likienda G, wa chini ashuke kidogo aguse ti, wa kati ashuke mpaka re, wa juu arudi so. Halafu C tena, kila mtu nyumbani kwake. Yani wa chini anaimba do, do, ti, do. Wa juu so, la, so, so. Na wa kati mi, fa, re, mi.

Angalieni hiyo mistari mitatu. Wa chini karibu hasogei. Wa juu anapanda mara moja anarudi. Wa kati ndo peke yake anayehama kila kodi ikibadilika, na pale kati ya fa na re anaruka, harembi wala hapiti mi njiani, anaruka, na hapo ndo wengi wanapotelea. Hilo rukio lifanyeni peke yake, fa re, fa re, fa re, mpaka lichoshe. Kwa wanaume kii ya C itawajia chini kidogo, wekeni kapo freti ya tatu au ya nne (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) mpaka wa juu aanze kusikika amenyooka bila kupiga kelele.

Mkishaweza, imbeni wawili wawili: kati na chini, kisha kati na juu, halafu chini na juu bila wa kati. Hiyo ya mwisho ni muhimu, mtasikia wimbo una tundu katikati, na aliyenyamaza naye atasikia kwa masikio yake kazi yake ni ipi. Nash mwenyewe alikua akiwapenda sana The Everly Brothers, Don na Phil, ndugu wawili waliokuwa wanaimba sauti mbili zimebanana, kwa hiyo msidharau mazoezi ya wawili, huko ndo alikotoka.

Hiyo mi sasa, hapa nitakaa kidogo

Kuna wakati mtaimba C, gitaa limetuniwa sawa kwa programu ya simu, yani kila uzi umekazwa mpaka noti yake, kila mtu yuko kwenye noti yake, na bado haitulii, inatetema, kama kuna kitu hakijakaa. Msimlaumu mtu. Sababu ni hii. Chukua do inayotikisika mara 200 kwa sekunde. So yake safi kabisa ni 300 na mi yake safi ni 250, hesabu inakuja 4 kwa 5 kwa 6, na sikio la binadamu linaipenda sana hiyo hesabu. Lakini freti za gitaa zimegawanywa sawasawa ili liweze kupiga kii zote bila kutuniwa upya, na kwa mgawanyo huo mi ya gitaa haiji 250, inakuja karibu 252. So iko karibu sawa, haisumbui. Ni mi ndo imepanda. Ukiikata nusu-toni, yani hatua ya freti moja mpaka inayofuata, vipande 100, mi ya gitaa imezidi kama vipande 14, na hiyo mi mwenye nayo ni nani? Wa kati.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gitaa lipige C mara moja, halafu likamatwe nyuzi zinyamaze. Wa chini na wa juu washikilie do na so kwa "uuu", sauti imenyooka, haitetemeshwi. Wa kati aingie na mi aliyopewa na gitaa, halafu aishushe taratibu sana, kidogo mno, si kushuka noti, ni kama anailegeza, na atafika mahali kile kitetemo kinakufa na chumba kizima kinajaa, mtasikia kama kuna sauti ya nne nzito chini yenu ambayo hakuna anayeiimba. Sikio linaijenga lenyewe zile tatu zikikaa kwenye hesabu yake. Msihame hapo. Kaeni, vuteni pumzi kwa zamu ili isikatike, mpaka mwili ukariri. Kikundi kikishaijua hiyo mi kinabadilika, kuanzia siku hiyo hamtataka tena kuimba kwa nguvu, mtataka kuimba kwa ulaini ili muisikie.

Gitaa likipigwa kwa nguvu wa kati hana budi alifuate, hawezi kushindana nalo. Ndo maana mpigaji anatakiwa apunguze mkono kwenye zile sehemu ndefu za sauti tatu, achezee nyuzi moja moja au aache kodi ijifie. Na mkiimba muda mrefu bila gitaa kii inashuka kidogo kidogo, ni kawaida kwa waimbaji wengi, mwisho wa wimbo pigeni kodi muangalie mmeteremka kiasi gani.

Masikio ya Amu

Sisi huku tumelelewa na mstari mmoja. Kwenye maulidi pale msikiti wa Riyadha watu wanajaa wanaimba kasida, wote ule ule, pumzi moja, na utamu wake ndo huo. Kwenye taarabu mwimbaji anaongoza peke yake, udi na fidla vinamjibu, waitikiaji wanaitikia kwa sauti moja. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, sauti yake na udi wake vilikuwa vinazungushana kwenye mstari mmoja na hukutaka kingine. Hiyo ni mali kubwa na kuna kitu mnakuja nacho kutoka huko ambacho watu wengine wanakihangaikia miaka: kuvuta pumzi pamoja na kumaliza neno pamoja. Msikiache.

Ila kuna mambo mawili mtalazimika kuyashika. La kwanza, madoido. Kwenye taarabu kila mwimbaji anauzungusha mwisho wa mstari anavyotaka, hapa wakizungusha watatu kila mtu kivyake kodi inavunjika. Ama mtu mmoja apewe ruhusa na wawili wanyooke, ama mkubaliane doido moja mlifanye wote sawa. La pili, sikio lililozoea mstari mmoja litamvuta wa kati kila saa arudi kwa anayeongoza, hata hatajua amevutwa. Dawa yake: wawili wakae barazani waimbe, wa kati aanze nao halafu aondoke akitembea na uchochoro huku anaimba mstari wake, mpaka hawasikii vizuri, kisha arudi akiendelea. Akirudi yuko kwenye noti yake basi ameshika.

Kasida zenyewe ziacheni zilivyo, hizo zina adabu zake na wenyewe. Imbeni maneno yenu.

Na kama mna rafiki aliyepitia kwaya ya kanisa, Malindi wako wengi, muombeni akae nanyi jioni moja. Wamefundishwa kwa do re mi, wanajua soprano, alto, teno na besi, na ukimwambia alto nipe mi anakupa bila kufikiri.

Gitaa na hii hewa yetu

Gitaa la mbao linapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, na hewa ya Lamu iko juu ya hapo karibu mwaka mzima, masika ndo kabisa. Mbao inavimba, tumbo la gitaa linapanda, nyuzi zinakaa mbali na shingo na vidole vinaumia, mtu anafikiri hajui kupiga kumbe ni hewa. Likae ndani ya kasha lake limefungwa, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, tieni kadhaa ndani ya kasha. Nyuzi zinakula kutu kwa chumvi, kwa hiyo kila mkimaliza zifuteni kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Jua la darini, yani juu ya paa, msiliwekee gitaa hata kidogo, gundi inalegea. Mkienda Shela kwa boti lifungwe kwa turubai, bahari ikichafuka maji yanaruka. Nyuzi agizeni seti mbili tatu kwa pamoja kutoka Mombasa.

Muangalie pia gitaa lenu ni la aina gani kabla ya kununua nyuzi. Haya maimbo yanataka nyuzi za chuma, seti ya 12 inatosha, yani uzi mwembamba kabisa ni inchi 0.012. Lakini magitaa mengi ya bei nafuu yanayozunguka ni yale ya nyuzi za nailoni, shingo pana, na ukilitia chuma gitaa la nailoni utaling'oa daraja lile la chini, halikuundwa kubeba huo mvuto. Kama mna la nailoni pigeni hivyo hivyo na nailoni, sauti itakuwa laini zaidi, wa kati atasikika vizuri.

Kuhusu tuni, mwanzo kaeni kwenye ile ya kawaida. Crosby alipenda kutuni gitaa kwa namna zisizo za kawaida, moja yake ilikuwa E B D G A D kutoka uzi mnene, na Stills naye alikuwa na ya kwake ambayo karibu nyuzi zote ni E na B moja tu. Zinapendeza sana, jaribuni mkishakaa sawa, manake zile tuni zinaacha nafasi, hazijazi kila noti, na sauti za watu zinapata pa kukaa.

Chumba

Hapa tuna bahati na wengi hawajui. Nyumba zetu za kale za mawe, kuta za matumbawe zimepigwa chokaa, vyumba virefu na vyembamba kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, dari iko juu. Chumba kama hicho kina mwangwi mzuri mno, mkisimama karibu karibu uso kwa uso mtaisikia ile mi ikitulia mapema kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo la mi lifanyieni ndani. Lakini mwangwi unaficha, unafunika miisho ya maneno na kumsamehe aliyechelewa, kwa hiyo wimbo ukishakaa pandeni darini muuimbe kwenye hewa wazi, huko hakuna kitakachowasaidia. Ukisimama darini basi umesimama kweli.

Darini sauti inasafiri, imbeni kwa ulaini na mumalize mapema. Mkae mbali na wakati wa adhana, msingoje iwakute katikati ya wimbo, baada ya Isha ndo saa nzuri kwa wengi. Ramadhani pumzisheni gitaa. Mkiwa mmepanga nyumba na kuna mzee chini, mwendeeni mumwambie mnafanya nini kabla hajasikia, wazee wetu wakishaombwa wanakuwa wasikilizaji wazuri na watawaambia ukweli.

Maneno

Kuimba Kiingereza chao ni sawa kwa kujifunza, lakini mkitaka watu wa hapa wakae wasikize andikeni kwa Kiswahili, na Kiswahili kinatusaidia sana kwenye hii kazi. Maneno yetu karibu yote yanaisha kwa vokali, kwa hiyo mwisho wa mstari mna a, e, i, o au u ya kushikilia pamoja, hamna makonsonanti ya kugongana. Kwenye Kiingereza neno likiisha kwa "s" na watatu wote wakaitamka kila mtu kwa wakati wake inasikika kama nyoka wengi, ndo maana wenye kwaya wanamwachia mtu mmoja aitamke. Kwetu kilichobaki ni kufungua mdomo sawa: "a" ya mmoja ikiwa pana na ya mwingine imebana hazichanganyiki hata noti zikiwa sahihi. Angalianeni midomo.

Na chukueni mizani ya utenzi. Mistari minne, kila mstari mizani 8, mitatu ya kwanza kina kimoja. Huu nimeuandika kwa mfano tu:

Upepo wa kusi huu
wapiga tanga la juu
tuwahie sikukuu
na wanetu wa nyumbani

Hesabuni. Sasa angalieni, Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mstari unaisha na neno, kwa hiyo mizani ya saba ndo yenye mkazo kwenye mistari yote minne: hu, ju, ku, mba. Basi mstari uanzeni kwa mtu mmoja au kwa sauti moja wote, na mkifika mizani ya saba ndo mfungue sauti tatu, ya nane mnaishikilia. Kodi inaangukia mahali mkazo ulipo na msikilizaji anaona wimbo umejifungua wenyewe. Pia "upepo" na "wapiga" mkazo uko silabi ya pili, kwa hiyo ile ya kwanza iingie kabla gitaa halijapiga, u- halafu gitaa kwenye -pe-. Mtu akilazimisha gitaa kwenye "u" atasikika kama mgeni kwenye lugha yake mwenyewe.

Kurekodi na kutoka mbele za watu

Simu inatosha. Iwekeni juu ya mto, si juu ya meza, meza inabeba mitikisiko. Simameni nusu duara mkiikabili, wa kati katikati. Msikize. Anayesikika zaidi arudi nyuma hatua moja, asipunguze sauti kwanza, arudi nyuma, murekodi tena. Endeleeni hivyo mpaka mtu wa nje akisikiza hawezi kusema haraka nani anaimba nini. Lamu magari si mengi kwa hiyo usiku rekodi inatoka safi, ni punda na injini za boti tu, na hizo zinapita. Wa kati awatumie wenzake rekodi ya mstari wake kwa WhatsApp, na wao wamtumie ya kwao, kila mtu ajizoeze akiwa kazini kwake.

Siku ya kutoka, iwe hotelini Shela au kwenye tamasha la utamaduni, msianze na mgumu. Crosby, Stills na Nash walipopanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la Woodstock huko Marekani Agosti 1969 ilikuwa mara yao ya pili tu kuimba mbele ya watu, Stills akawaambia wale watu waziwazi kwamba wana hofu, na bado wakafungua na wimbo wa zaidi ya dakika saba wenye vipande vipande na tuni ile ya ajabu. Wao walikuwa washaimba miaka katika bendi nyingine, na albamu ilikuwa ishatoka Mei ya mwaka huo, wale watu walikuwa wanaujua. Nyinyi fungueni na ule mnaoweza kuuimba hata mkiamshwa usingizini, mfupi, wa kodi tatu, D, G na A.

Mkiwa na maiki moja isimamieni kama mlivyoisimamia simu, mahali ni pale pale, msibadilishe kwa sababu mko jukwaani. Mpigaji gitaa asikae pembeni, akae karibu na wa kati. Maiki zikiwa tatu mtakuta fundi mitambo ashapandisha ya anayeongoza na ya wa juu manake ndizo anazozisikia, na wa kati amezama. Nendeni kwake mapema, kabla watu hawajakaa, mumwombe kwa adabu apandishe ya kati kidogo na ateremshe ya juu kidogo, mumwimbie ubeti mmoja asikie tofauti, halafu mumwachie kazi yake.